Trafeli haina uyoga, na ganashi iliyokatika haitupwi

Trafeli ni kitonge cha ganashi, yaani mchanganyiko wa chokoleti na krimu, laini ndani, kilichoviringishwa kwenye unga wa kakao au kuvikwa ganda jembamba la chokoleti. Haihitaji oveni, na kazi ya mikono haifiki saa moja. Kipimo tutakachokirudia humu ni hiki: gramu 200 za chokoleti nyeusi yenye kakao asilimia 55 hadi 60, gramu 100 za krimu yenye mafuta asilimia 35, gramu 20 za siagi isiyo na chumvi, chumvi chembe, na gramu 40 hivi za unga wa kakao wa kuviringishia. Vinatoka vitonge 25 vya gramu 12 au 13. Pima kwa mizani, hata krimu. Kikombe cha chokoleti iliyokatwakatwa kinabadilika uzito kulingana na mkono uliokata.

"Ndani ya trafeli kuna uyoga"

Hakuna. Jina limetoka kwenye uyoga wa bei kali unaochimbwa ardhini huko Ufaransa na Italia, kwa sababu ya sura tu: kigimba chenye vinundu, kimepakaa vumbi la kahawia kama udongo. Kwa hiyo trafeli isiyo duara kamili iko sawasawa. Anayezizungusha mpaka zifanane na gololi anazipasha joto la viganja bure, zinaanza kuyeyuka na kunata.

"Tone la maji likiingia, chokoleti imekufa"

Hii ni nusu ya kweli. Chokoleti karibu haina maji kabisa. Ni chembe za kakao na sukari zilizozama ndani ya siagi ya kakao. Tone likidondoka kwenye chokoleti iliyoyeyuka, au mvuke wa sufuria ya maji ya moto iliyo chini ya bakuli ukiingia ndani, sukari inalowa, chembe zinanatana, na papo hapo unabaki na donge linalong'ang'ania mwiko.

Lakini kosa ni uchache wa maji. Krimu yenyewe ni maji zaidi ya nusu, na ndiyo tunayoimwaga juu ya chokoleti bila donge lolote kutokea. Kanuni ya jikoni ni angalau kijiko kikubwa kimoja cha kimiminika, yaani mililita 15, kwa kila gramu 60 za chokoleti. Donge likishatokea, ongeza maziwa ya moto kijiko cha chai kimoja kimoja huku ukikoroga, litalegea lenyewe. Halitafaa tena kuchovyea, ila kwa ganashi au kwa sosi ya keki linafaa.

"Krimu ichemke vizuri kwanza"

Krimu ikichemka kwa fujo inapoteza maji, na maji hayo ndiyo yatakayobeba mafuta yote ya chokoleti na ya krimu pamoja. Itoe motoni viputo vidogo vinapoanza kuzunguka ukingo wa sufuria, nyuzi 80 hadi 85 za selsiasi. Chokoleti iwe imeshakatwa vipande vidogo kuliko punje ya mahindi. Mwagia krimu, funika, subiri dakika 2 bila kugusa.

Kisha koroga kwa mwiko wa silikoni ukianzia katikati, miduara midogo. Katikati patang'aa kwanza kama ute. Ukishauona ute huo, panua miduara hadi ukingoni. Siagi inaingia mwisho, ganashi ikiwa imepoa hadi nyuzi 35 au 40. Usitumie kipigio cha mayai: kinaingiza hewa, na ganashi yenye hewa huharibika upesi. Blenda ya mkono ni bora kuliko mwiko mradi kichwa chake kizame kabisa.

Vipande vichache vikikataa kuyeyuka, weka bakuli kwenye maikrowevu kwa nusu ya nguvu sekunde 10. Wapo wanaoiogopa maikrowevu wakiamini inaunguza chokoleti. Kinachounguza ni haraka. Chokoleti nyeusi haipendi kupita nyuzi 50 na kidogo, ya maziwa na nyeupe zisipite 45, na sufuria ya maji yanayotokota huvuka hapo kwa urahisi uleule.

"Ikikatika, mwaga"

Hapa ndipo chokoleti nyingi nzuri hupotea. Ganashi iliyokatika unaitambua haraka: mafuta yanaelea juu, chini pamekuwa na chengachenga, na mng'ao umeondoka. Anayepika kwa nazi anaijua hali hii, maana tui nalo hukatika likiachwa lichemke bila kukorogwa. Ganashi ni matone madogo sana ya mafuta yaliyotawanywa ndani ya maji yenye sukari. Matone yakizidi, au maji yakipungua, yanagusana, yanaungana, na mafuta yanajitenga.

Sababu za kawaida ni tatu: krimu iliyochemka mno ikapungua, chokoleti yenye kakao nyingi kuliko kipimo kilivyokusudia, au kukoroga ganashi iliyokwisha kupoa nusu. Kumbuka pia kwamba siagi ni mafuta; kuiongeza "ili ilainike" kunazidisha ugonjwa.

Dawa ni maji kidogo. Pasha ganashi juu ya maji ya moto hadi nyuzi 35 au 40, ongeza kijiko kimoja cha chai cha maziwa ya uvuguvugu, ikiwezekana yale yasiyo na mafuta mengi, kisha koroga katikati tu mpaka ute urudi. Mara nyingi vijiko viwili vinatosha kwa kipimo chetu. Ikigoma, ipige kwa blenda ya mkono sekunde 20.

"Asilimia kubwa, chokoleti bora"

Namba iliyo kwenye karatasi inaeleza ni kiasi gani cha chokoleti kimetokana na kakao, unga wake na siagi yake kwa pamoja. Haisemi lolote kuhusu ubora wa punje wala ufundi wa aliyezikaanga. Kwa mtengeneza trafeli namba hiyo ni ya kupangia krimu. Chokoleti ya asilimia 70 ina sukari pungufu na chembe kavu nyingi, kwa hiyo kwa gramu 200 weka krimu gramu 125 hadi 130, la sivyo itakuwa ngumu au itakatika. Ya maziwa inataka gramu 250 kwa krimu gramu 100. Nyeupe, isiyo na unga wa kakao wa kuishikilia, ni gramu 300 kwa 100. Anayehamisha kipimo cha nyeusi kwenda nyeupe hupata mchuzi, na friji haiuokoi.

"Unga wa kakao na siagi ni sawa na chokoleti"

Unga wa kakao umekamuliwa sehemu kubwa ya siagi yake, na siagi ya maziwa haiwezi kukaa mahali pake, kwa kuwa siagi ya kakao ni ngumu mezani lakini inayeyuka mdomoni. Uangalie pia unga wenyewe: ule wa kinywaji, wenye sukari na maziwa, haufai hata kuviringishia, kwani hulowa na kunata ndani ya saa chache.

Wengine huanzia mbali zaidi, kwenye punje. Kakao ipo karibu, Kyela mkoani Mbeya au Bundibugyo nchini Uganda, na kukaanga nyumbani si vigumu. Kinachokwamisha ni kusaga. Ulimi huhisi mchanga chembe zikipita mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na blenda ya jikoni haifiki huko. Mashine za mawe za wenye kazi hiyo huzunguka siku nzima na zaidi. Punje za nyumbani zina harufu nzuri sana, lakini trafeli zake zitakwaruza.

Nayo chokoleti ya kupikia ya bei nafuu? Soma orodha ya viungo. Ikitajwa siagi ya kakao peke yake, ni chokoleti. Yakitajwa mafuta ya mimea mahali pake, ganashi itakuwa na utando wa nta mdomoni. Kwa ganda la nje inavumilika, tena haina haja ya kutempwa, yaani kuyeyushwa na kupozwa kwa nyuzi maalumu ili igande iking'aa.

Maziwa mazito ya kopo yenye sukari yakipikwa na kakao na siagi hutoa kitamu kizuri kabisa, ila hicho ni brigadeiro cha Brazil: kinatafunika kama tofi. Trafeli inayeyuka.

"Bila krimu ya ng'ombe haiwezekani"

Tui zito la nazi, lile la kwanza, linafanya kazi bila shida, na anayefunga au asiyekunywa maziwa hakosi chochote. Tofauti ni kwamba mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na yakichanganyika na siagi ya kakao huilegeza. Tumia gramu 80 hadi 90 badala ya 100, na siagi iache. Tui lipashwe huku linakorogwa, kwa sababu ile ile tuliyokwisha kuitaja.

Viungo vya harufu havina siri kubwa. Ponda iliki 6 au 8, zitie kwenye krimu gramu 130, pasha, funika dakika 20, chuja, kisha pima tena na ujazie hadi gramu 100, maana maganda hunywa krimu. Hatua hii ya kupima tena ndiyo inayosahaulika. Tangawizi mbichi ina tabia ambayo kila mpika chai anaifahamu: hukatisha maziwa. Ichemshe kwanza kwenye maji na kuyamwaga, au tumia kavu.

"Ikiwa laini, iweke friza"

Friza inagandisha nje huku ndani pakiwa bado uji, na ikitoka tu inatokwa jasho. Mimina ganashi kwenye trei ya kina kifupi, gandamiza nailoni juu yake, acha saa 4 hadi usiku kucha mahali penye nyuzi 18 hadi 20. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam mahali hapo ni friji, saa 1 na nusu hadi 2. Gawa vitonge kwa kijiko cha chai, virudishe dakika 15, ndipo uviringishe kumi kumi, vingine vikisubiri kwenye baridi. Osha mikono kwa maji baridi, ikauke kabisa. Kwa joto la pwani tungepunguza krimu hadi gramu 85 tangu mwanzo. Kurekebisha baadaye ni kuyeyusha upya na kuongeza chokoleti.

"Lazima utempe"

Kwa trafeli ya unga wa kakao, hapana. Kutempa kunahusu ganda la nje tu. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita ya fuwele, na ni moja tu, la tano, linalotoa ganda linalong'aa, linalovunjika kwa sauti na lisiloyeyuka mpaka karibu nyuzi 34. Njia rahisi: yeyusha theluthi mbili ya gramu 300 za chokoleti nyeusi hadi nyuzi 45, ongeza theluthi iliyobaki ikiwa imekatwa ndogo, koroga hadi ishuke nyuzi 31 au 32. Ya maziwa na nyeupe ni 29 hadi 30. Jaribu kwa ncha ya kisu: ikikauka na kung'aa ndani ya dakika 5, iko tayari.

Jaribio hilo linahitaji chumba cha nyuzi 20 hivi. Chumba cha nyuzi 30 hakigandishi kitu, hata ukitempa kwa ustadi wote wa Ubelgiji. Asiye na kiyoyozi apake chokoleti iliyoyeyushwa kwa viganja, utando mwembamba, aviringishe kwenye kakao papo hapo na kuhifadhi kwenye friji. Unga unaficha kila kitu.

Na usichovye vitonge vilivyotoka friji sasa hivi. Ganashi baridi hutanuka ikipata joto na kulipasua ganda. Vipumzishe dakika 20 hadi 30 vikiwa vimefunikwa.

"Imeota ukungu mweupe"

Karibu kila mara ganda limetoa mafuta au sukari. Sugua kwa kidole: weupe ukiyeyuka, ni siagi ya kakao iliyopanda juu kwa kutempwa vibaya au kwa joto la kupanda na kushuka. Ukikwaruza, ni sukari iliyoyeyushwa na umande wa friji ikakauka upya. Zote mbili zinalika. Ukungu wa kweli una manyoya na harufu ya uvundo, na hutokea kwenye ganashi iliyokaa sana. Huo ndio wa kutupa.

"Chokoleti haiozi"

Kipande kikavu hukaa miezi, lakini trafeli ina krimu. Kwenye friji, ndani ya chombo chenye mfuniko unaobana, ziliwe ndani ya siku 10. Mfuniko una kazi mbili, kuzuia umande na kuzuia harufu: mafuta hunasa harufu ya vitunguu na samaki kwa usiku mmoja. Friza inazihifadhi miezi 2 hadi 3. Zikitoka, zihamishie friji siku nzima bila kufungua chombo, kisha mezani nusu saa, chombo bado kimefungwa, ili umande ukae nje ya mfuniko. Unga wa kakao uliolowa chekecha mwingine juu wakati wa kuandaa.