Je, wajua kwa nini lenzi ya mwaka 1981 inafanya kazi kwenye kamera ya leo?

Mjomba wangu alirudi na kamera ya Zenit kutoka masomoni Umoja wa Kisovieti. Shata yake, yaani pazia linalofunguka kuingiza mwanga, iliganda zamani, ikabaki miaka kwenye sanduku la bati nyumbani kwake Nyegezi, Mwanza. Siku aliyonipa alisema, "Chukua tu mjomba, labda lenzi yake itakufaa." Ni Helios 44-2 ya milimita 58, chuma na vioo vitupu. Namba yake inaanza na 81. Kwenye lenzi nyingi za Kisovieti tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka wa kutengenezwa. Sasa imekaa mbele ya kamera yangu ya dijitali, na kila anayeiona ananiuliza swali lilelile: imewezekanaje, wakati haina chipu wala waya?

Ni kwa sababu lenzi haihitaji kuzungumza na kamera. Inachohitaji ni kukaa umbali wake sahihi.

Kumbuka utotoni tulivyochoma karatasi juani kwa kioo cha kukuzia. Unakipandisha, unakishusha, mpaka duara la mwanga linakuwa kitone kikali na karatasi inaanza kutoa moshi. Ukisogeza kioo kidogo tu, kitone kinatanuka na moshi unakata. Kile kitone ni picha ya jua, na inakubali kutulia mahali pamoja tu. Lenzi ya kamera ni hivyohivyo. Watengenezaji wa lenzi za skrubu ya M42, yaani yenye upana wa milimita 42, walikubaliana kwamba kutoka pale lenzi inapokalia hadi kwenye filamu pawe na milimita 45.46. Zenit ilifuata kipimo hicho.

Nafasi kubwa kiasi hicho ilikuwa ya nini? Ya kioo. Kamera za aina ya Zenit zilikuwa na kioo kati ya lenzi na filamu, kinachokurushia taswira machoni, halafu kinaruka juu ukibonyeza. Kamera za dijitali za mwanzo za kubadilisha lenzi zilikirithi. Hizi mpya zimekiondoa, ndiyo maana bodi zake ni nyembamba: Sony E ina milimita 18 tu, Canon RF 20, Nikon Z 16. Toa 18 kwenye 45.46, zinabaki 27.46. Adapta yangu ni kibomba cha chuma cha urefu huo, ndani hewa tupu. Ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana haiharibu picha.

Rafiki yangu mwenye Nikon ya zamani, ile yenye kioo, alitaka kujaribu naye. Kwenye kamera yake kipimo ni milimita 46.5, yaani tayari lenzi imekaa mbali kwa milimita moja hivi. Tulisimama ufukweni tukalenga Jiwe la Bismarck, akazungusha ringi ya fokasi hadi mwisho, jiwe likabaki ukungu mtupu. Akageuka akanipiga mimi nikiwa mita mbili kutoka kwake, nikatoka safi. Milimita moja ilikuwa imemnyang'anya kila kitu kilicho zaidi ya mita tatu hivi.

Kutumia kwenyewe kuna mambo machache. Kwenye menyu, ruhusu kamera ipige bila lenzi, maana inadhani hakuna kitu mbele yake. Fokasi ni ya mkono. Washa ile rangi inayozunguka kingo zilizokaa sawa, au kuza picha kwenye skrini. Na kama sensa yako, yaani kile kipande kinachopokea picha badala ya filamu, ni ile ndogo, milimita 58 itaona kama 87, yaani kwa kuvuta karibu zaidi, ambayo kwa sura za watu naipenda sana.

Kilichonishika ni mwaloni pale Kirumba, asubuhi. Mama mmoja alikuwa anageuza dagaa, nikamwomba ruhusa, akakubali. Nikaifungua lenzi hadi f/2, tundu lake kubwa kabisa la mwanga. Nyuma yake ziwa lilikuwa linametameta, na kila mmeto ukageuka kisahani cha mwanga. Katikati ya picha visahani ni duara kamili. Kadiri unavyoelekea pembeni vinabanwa vikawa kama kokwa la embe, vimelala kumzunguka mama yule. Mwanga unaoingia kwa mshazari hukatwa na ukingo wa kasha la lenzi, mbele na nyuma, kinachopita ni kipande chembamba. Lenzi za leo hutengenezwa zipunguze jambo hili. Mimi nalitafuta. Kwenye sensa kubwa linaonekana zaidi, kwa kuwa pembe hazikatwi.

Ina udhaifu wake. Jioni, jua likizama upande wa ziwa na kuingia moja kwa moja kwenye vioo, rangi zinapauka picha nzima, kwa sababu mipako yake ya kuzuia mng'ao ni hafifu kuliko ya sasa. Na kwa sisi tunaoishi na unyevu wa ziwa, adui mkubwa ni fangasi. Kabla ya kununua lenzi yoyote kuukuu, imulike na tochi ya simu kutokea nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache. Yangu naitunza kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Helios hii ina ringi mbili za tundu la mwanga: moja unaiwekea kikomo, ya pili unaifungua ili uone vizuri ukifokasi, kisha unaifunga hadi kwenye kikomo bila kutazama. Ilinichukua wiki kuzoea. Juzi nilimpelekea mjomba kamera ashike. Hakuuliza kitu. Aliinua jichoni, kidole chake kikaenda chenyewe kwenye ringi ya pili, akafungua, akanifokasi, akafunga, akabonyeza.