Kutosoma sura sio kukosa hisia

Hii maneno ya "huyo ana usonji, hana hisia" imezidi jamani. Naiskia kwa mat, naiskia kazini, mtu akikosa kushika tu kwamba mwenzake amenuna tayari ashapimwa na makanga na dereva. Na usonji wenyewe (autism) sio ugonjwa wa kuambukizwa juzi, ni vile ubongo umekua tangu utotoni, na zile tabia zake ziko kwa viwango, hata mtu asiye na usonji anaweza kuwa nazo kidogo. Kutambua hisia usoni nayo ni kuangalia sura ukajua hii ni hasira, hii ni woga. Basi.

Penye watu wanakoroga ni hapa: kuona hisia ya mtu ni kitu kimoja, kuijali ni kingine kabisa. Tapeli wa tao anakusoma uso kabla hujafungua mdomo na hana haja na wewe, halafu kuna mtu hataona kama umekasirika lakini ukimwambia anaumia hata kukushinda.

Halafu kuna aleksithimia, jina lililoletwa na daktari wa akili Peter Sifneos miaka ya 1970, ambayo ni kushindwa kutambua na kutaja hisia zako mwenyewe, yaani tumbo limekaza na hujui ni woga ama ni njaa. Karibu nusu ya watu wenye usonji wako nayo, kwa wasio na usonji ni kama 5 kwa kila 100. Sasa mwaka wa 2013 Richard Cook, Geoffrey Bird na wenzao huko Uingereza walipima watu kwa picha za sura, na waliolemewa ni wenye aleksithimia, awe ana usonji ama hana! Sio kila utafiti umekubaliana nao, lakini hiyo peke yake ingetosha kutupunguzia mdomo.

Na hata sisi tusio na usonji hatuwasomi wenye usonji vizuri. Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika 2012 kwamba kutoelewana huku ni kwa pande mbili, ila lawama tunawekea upande mmoja tu.

Kwa hivyo yule wa ofisini kwenu, sema tu hashiki sura haraka, na ukiwa umekasirika si umwambie umekasirika, badala ya kununa hadi jioni ukingoja aone.