Popoo bila tumbaku si kinga ya saratani

Katika makundi ya gumzo huzungushwa ujumbe unaodai kwamba popoo, ile kokwa inayotafunwa pamoja na tambuu na chokaa kuanzia India hadi Zanzibar na Mombasa, ina antioksidanti (viambata vinavyozuia oksidisho, yaani uharibifu wa seli unaoletwa na oksijeni) zinazoua seli za saratani, na kwamba hatari yote imo katika tumbaku. Dai hili si kweli, ingawa limejengwa juu ya chembe ya ukweli.

Popoo ina tanini na polifenoli nyingine, yaani viambata vya asili vya mimea, ambazo, zikipimwa zenyewe maabara, huzuia oksidisho, na dondoo yake huweza kuua seli za saratani zinazokuzwa kwenye kisahani cha maabara. Hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa, kwa maana kinachoua seli hizo huziumiza pia seli zenye afya za kinywa, na polifenoli zilezile, zikikutana na chokaa, huzalisha oksijeni haribifu, yaani kinyume kabisa cha kinga. Arekolini, kiambata kinachomchangamsha mtafunaji, huchangia nyama ya ndani ya mashavu kukakamaa, hata mdomo ukashindwa kufunguka vizuri. Tangu 2004, popoo yenyewe bila tumbaku imeorodheshwa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Anayetaka kuhakiki na aulize kwanza kama utafiti unaotajwa ulifanywa kwa watu au kwa seli za maabara. Mtafunaji ambaye vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima haviingii tena kati ya meno ya mbele amwone daktari wa meno mapema. Tunawasihi wasomaji wasiusambaze tena ujumbe huo, hasa kwa jamaa wanaotafuna kila siku.