Sejemef: kitenzi katika Kimisri cha kale

Anayeanza kusoma sarufi ya Kimisri cha kale hukutana mapema na neno "sejemef". Maana yake ni "anasikia". Wataalamu wamelifanya jina la mnyambuliko mzima, kama sisi tunavyosema kauli ya kutendwa au ya kutendesha hata pale kitenzi chenyewe ni "pika".

Mzizi una konsonanti tatu: s, j, m. Irabu Wamisri hawakuziandika. Hizo e zimechomekwa na wasomaji wa leo ili neno litamkike. Nafsi hukaa nyuma ya mzizi: sejemek, "unasikia", akiambiwa mwanamume, sejemef, anasikia mwanamume, sejemes, anasikia mwanamke. Mtenda akitajwa kwa jina, kiambishi kinaondoka: sejem sesh, "mwandishi anasikia", kitenzi kikiwa mbele.

Ongeza n kabla ya nafsi, upate sejemenef, "amesikia". Katika maandishi ya hieroglifu utaona sikio la ng'ombe, ambalo peke yake linabeba mzizi wote. Bundi anayeirudia m. Mstari wa mawimbi ya maji, yaani n. Na nyoka mwenye pembe, f. Hiyo n inafanana kwa kiasi na -me- yetu. Kitenzi rekh, "kujua", kikisemwa rekhenef, maana yake ni kwamba mtu anajua sasa, kwa kuwa alishapata kujua. Kwa anayesema "amelala" akimtazama mtu aliye usingizini, hilo si geni.

Ugumu uko kwenye sejemef yenyewe. Umbo lile lile la maandishi laweza kuwa "anasikia", "atasikia" au "asikie", kwa sababu tofauti nyingi zilikuwa kwenye irabu. Baadhi ya vitenzi huvujisha siri: mer, "kupenda", huandikwa meref mahali pamoja na mereref mahali pengine, konsonanti ikirudiwa. Mwaka 1944 mwanaisimu Hans Jakob Polotsky alionyesha kwamba baadhi ya maumbo hayo hufanya kazi ya nomino katika sentensi, na mabishano yaliyofuata yalidumu miongo.

Kutendesha kulifanywa kwa s ya mwanzoni: ankh ni "kuishi", sankh "kuhuisha", men ni "kuwa imara", semen "kuimarisha". Msomaji asikimbilie kudai undugu na -sha yetu. Kimisri kimo katika familia moja na Kiarabu, Kihausa, Kisomali na Kiiraqw cha Mbulu, Kibantu hakimo.

Baadaye mfumo huu uligeuka. Watu walianza kusema "alifanya kusikia", kitenzi "kufanya" kikabeba nafsi, kisha kikachakaa hadi kubaki a tu. Katika Kikopti, yaani hatua ya mwisho ya Kimisri, ambacho Kanisa la Kikopti bado linakitumia ibadani, "alisikia" ni afsotem: a ya wakati uliopita, f ya nafsi, na mzizi mwishoni, ukiwa na irabu zilizoandikwa.