Je, wajua? Msichana wa kofia nyekundu aliwahi kujiokoa mwenyewe

Wengi tunaijua hivi: msichana mwenye kofia nyekundu anampelekea bibi chakula, anakuta mbwa mwitu kitandani (wa Ulaya, si yule mwenye mabaka wa Serengeti), wote wanamezwa, kisha mwindaji anakuja kuwaokoa. Wanavijiji wa Ufaransa hawakumhitaji mwindaji.

Katika simulizi lililonukuliwa Nivernais, katikati ya Ufaransa, karibu mwaka 1885, hata kofia haimo. Adui ni bzou, mtu anayegeuka mbwa mwitu. Njiani anamuuliza msichana: unapita njia ya sindano au ya pini? Msichana anachagua sindano. Bzou anawahi kwa bibi, anamuua, nyama anaiweka kabatini na damu anaitia kwenye chupa. Msichana akifika, bzou anayejifanya bibi anamkaribisha ale na anywe, na anakula, huku paka akimsuta. Anavua nguo moja moja na kuzitupa motoni. Anaambiwa hatazihitaji tena. Kitandani ndipo anaposhtuka, akasema amebanwa na haja. Jisaidie humu humu, anajibiwa. Anakataa. Basi bzou anamfunga uzi wa sufu mguuni ndipo amwache atoke. Uani anaufungua, anaufunga kwenye mti wa plamu, huyooo mbio hadi kwao.

Simulizi hili liliandikwa baada ya kitabu cha 1697 cha mwandishi Mfaransa Charles Perrault, chenye hadithi hii ya msichana, ila watafiti wengi huona limebeba mambo ya kale kuliko yeye. Perrault aliwaandikia watu wa tabaka la juu, na nyama ya bibi haikuwafaa. Akaondoa damu, paka na uzi, akaleta kofia nyekundu, na msichana akaliwa. Basi, hadithi ikaishia hapo. Kisha akaongeza beti za kuonya kwamba mbwa mwitu hatari kuliko wote ni wale wapole, wanaowafuata mabinti hadi majumbani. Yaani wanaume.

Ndugu wawili wa Ujerumani, akina Grimm, wakusanyaji wa hadithi, mwaka 1812 wakaifanya hadithi ya utii: mama anamwonya binti asiache njia. Mwindaji wao hapigi risasi, maana huenda bibi yungali hai tumboni. Anapasua kwa mkasi, na mawe yanajazwa humo.

Lakini wana mwisho wa pili, ambao vitabu vingi vya watoto huuruka. Mbwa mwitu mwingine anajibanza juu ya paa. Bibi na mjukuu wanalijaza hori la jiwe kwa maji yaliyochemshiwa soseji. Harufu inamvuta, anateleza, anatumbukia na kufa maji. Mwindaji hayupo.