Saladi ya viazi ya kuandaliwa mapema: mayonesi inasingiziwa

Kuanzia mapumziko ya Memorial Day mwishoni mwa Mei, kupitia Julai 4, hadi Labor Day mwanzoni mwa Septemba, ni nadra nchini Marekani kukuta meza ya shughuli ya nje isiyo na saladi ya viazi, na sisi wazungumzaji wa Kiswahili tunaoishi huku tumekwisha kuipokea na kuiweka kando ya nyama choma na kachumbari. Chakula cha watu arobaini hakiwezi kusubiri asubuhi ya siku yenyewe, hivyo saladi hupikwa jana yake. Hapo ndipo mpishi anapozungukwa na maonyo ya kila namna, na mengi kati ya hayo humfanya akodolee macho pasipo na hatari huku hatari yenyewe ikimpita pembeni.

“Mayonesi ndiyo inayoharibu saladi”

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu anayeiamini akishaiondoa mayonesi hujiona amemaliza kazi. Mayonesi ya dukani kwa kawaida hutengenezwa kwa mayai yaliyopashwa joto ili kuua vijidudu, kisha hutiwa siki au maji ya limau kwa kiasi kinachoipa ukali ambao bakteria wengi waletao maradhi hawawezi kustawi ndani yake. Kinachowapa bakteria malisho ni kiazi chenyewe: kimeiva, kina maji tele na wanga, na ukali wake ni mdogo sana. Yai la kuchemsha halitofautiani nacho kwa hilo. Ndiyo maana saladi ya viazi ya Kijerumani inayotiwa siki na mafuta bila mayonesi haina ruhusa ya kushinda juani, ingawa wengi huiacha mezani mchana kutwa kwa kuamini kwamba ni salama.

Mshitakiwa mwingine asiyetajwa ni mkono wa mpishi. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus huishi puani na kwenye ngozi ya watu wengi wenye afya njema, na saladi ya viazi ni chakula kinachoshikwashikwa: viazi humenywa, hukatwa vipande, mayai huambuliwa maganda, na katikati ya kazi hiyo mtu hupangusa jasho kwa kiganja kisha akaendelea. Bakteria huyo akipata joto na muda hutoa sumu ambayo haiondoki hata chakula kikipashwa moto upya, na aliyeila huanza kutapika ndani ya nusu saa hadi saa nane. Kuosha mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kumenya kunaikinga saladi kuliko kubadilisha chupa ya mayonesi. Mayonesi ya kusaga nyumbani kwa mayai mabichi ni habari nyingine: hiyo inaweza kubeba salmonela, na kwa chakula cha kulala mimi huiepuka kabisa.

“Viazi viachwe mezani vipoe kabisa ndipo viingie kwenye friji”

Tuliolelewa na friji dogo, lenye umeme wa kukatikakatika, tulifundishwa kwamba chakula cha moto kinaliua friji, na mafundisho hayo tumesafiri nayo. Friji la siku hizi linamudu viazi vyenye uvuguvugu bila tabu. Lisiloweza ni kupoza bakuli refu lililojazwa hadi ukingoni na kufunikwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuchomeka kipimajoto katikati ya bakuli la namna hiyo baada ya saa nne nzima ndani ya friji: pembeni palikuwa baridi ya kutosha, ilhali katikati palikuwa bado vuguvugu, pale pale ambapo bakteria wanapenda kukaa. Nililimwaga lote.

Kanuni inayofuatwa na jikoni za biashara nchini Marekani inaeleweka vizuri: chakula kilichopikwa kishuke kutoka nyuzi 57 za Selsiasi hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kifike 5 ndani ya saa nne zinazofuata. Nyumbani hilo hupatikana kwa sinia. Mwaga viazi kwenye chujio, acha mvuke utoke kwa dakika chache, tandaza vipande kwenye sinia pana kwa tabaka moja, vinyunyizie siki vikiwa bado vya moto kwa sababu wakati huo ndipo vinapoinywa ladha, kisha vikishaacha kutoa mvuke viingize kwenye friji bila kufunika mpaka vipoe. Mayonesi ichanganywe baadaye, viazi vikiwa baridi, la sivyo itayeyuka na kuacha mafuta yakielea.

“Saladi ikiharibika nitaijua kwa harufu”

Chakula kilichochacha hujitangaza, lakini vijidudu vinavyochachisha chakula si lazima viwe ndivyo vinavyolaza watu hospitalini. Mwezi Aprili 2015, katika mji wa Lancaster, jimboni Ohio, watu 29 waliugua botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria inayopooza misuli, baada ya kula pamoja kanisani, na mmoja wao akafariki. Chanzo kilikuwa saladi ya viazi, na kosa halikuwa mayonesi: viazi vilivyotumika vilikuwa vimesindikwa nyumbani kwenye mitungi ya kioo kwa kuchemshwa kwenye maji ya kawaida, badala ya jungu la presha. Spora za bakteria wa botulizimu, yaani vijimbegu vyao vyenye ganda gumu, hustahimili maji yanayochemka, na ndani ya mtungi usio na hewa huamka na kutengeneza sumu ambayo haionekani, hainusiki wala haina ladha. Huko El Paso, Texas, mwaka 1994, watu 30 walikuwa wamepata ugonjwa huo huo kutokana na viazi vilivyookwa vikiwa vimefungwa kwenye karatasi ya alumini, vikaachwa hivyo hivyo nje ya friji kabla ya kutumiwa. Kwa hiyo anayetaka kuokoa muda kwa kuoka viazi vya saladi mapema avifungue mara vinapotoka kwenye oveni, na asitumie viazi vya mitungi ambavyo hajui vilisindikwaje.

“Ikikaa siku nyingi zaidi hukolea zaidi”

Usiku mmoja unatosha. Saladi iliyohifadhiwa kwenye friji lenye nyuzi 4 au chini yake hufaa kuliwa kwa siku tatu hadi nne, lakini ubora wake hauvumilii kiasi hicho, kwa kuwa viazi huendelea kunywa mayonesi na wanga wake hukaza kwa baridi, hata asubuhi mtu akadhani alisahau kuiunga. Tenga robo ya mayonesi na haradali uiongeze saa moja kabla ya kupakua. Matango, nyanya na majani mabichi yasubiri siku yenyewe, maana hutoa maji. Chagua viazi visivyorojeka kwa urahisi, kama vile vyekundu au Yukon Gold, uvianzishe kwenye maji baridi yenye chumvi ili viive sawasawa nje na ndani. Kuigandisha saladi hakufai: mayonesi hukatika na viazi hutoka vikiwa na chengachenga na maji.

Ule ujumbe unaozunguka kwenye simu, kwamba kitunguu kilichokatwa kikilala hunyonya vijidudu na kuwa sumu, hauna msingi. Kitunguu kilichofunikwa vizuri ndani ya friji hakina neno, ila harufu yake huwa kali, na ndiyo sababu ya pekee ya kukikata siku hiyo hiyo.

“Ikiwa kivulini haina shida”

Kivuli hakipozi chakula. Saladi ikishatoka kwenye baridi ina saa mbili tu, na joto la hewa likizidi nyuzi 32, jambo la kawaida mwezi Julai, inabaki saa moja. Hesabu hiyo inajumuisha muda wa njiani ndani ya gari. Ninachofanya ni kugawa saladi kwenye mabakuli madogo, moja likawa mezani juu ya karai la barafu na mengine yakabaki ndani ya kisanduku cha barafu kilichofungwa. Bakuli likiisha linaondolewa na kuletwa jingine, wala saladi mpya haimwagwi juu ya ile iliyokwisha kupigwa na joto. Wageni wakiaga, kilichobaki kwenye kisanduku, ikiwa barafu haijayeyuka yote na saladi bado ni baridi, kinarudi kwenye friji na kuwa kiporo. Kilichopitisha muda wake mezani kinamwagwa, hata kama ni nusu bakuli na hata kama shangazi anasisitiza afungiwe aende nacho.