Ukiingia makumbusho ya mfalme, angalia historia inaanzia mwaka gani

Makumbusho ya Taifa ya Oman, mjini Maskati, yametazamana na Kasri la Al Alam. Yaliundwa kwa amri ya Sultani Qaboos mwaka 2013 na kufunguliwa 2016. Ukitoka mlangoni, mbele yako ni kasri.

Kwa sisi tunaopanga maonyesho, kazi nzito ni kuchagua tarehe: simulizi ianzie wapi, ikatwe wapi. Wala huhitaji kudanganya. Qaboos alishika madaraka tarehe 23 Julai 1970 kwa kumpindua baba yake, Said bin Taimur, Waingereza wakimsaidia. Kipindi kilichofuata Waomani hukiita Nahdha, yaani mwamko, nacho kimepewa ukumbi wake Maskati, na pia kule Manah katika makumbusho makubwa yaliyofunguliwa 2023. Shule, barabara na hospitali zilijengwa kweli. Lakini neno "mwamko" limeshakwambia kwamba kabla yake watu walikuwa wamelala, na Nizwa, jirani ya Manah, hawakuwa wamelala: hadi miaka ya 1950 walikuwa na Imamu wao, kiongozi wa dini na utawala, wakapigana na Sultani. Dhofar, kusini mwa Oman, nako vita vilivyoanza 1965 viliendelea hadi 1975, ndani ya Nahdha yenyewe. Mgeni apime: haya yamepata ukuta mzima, au mstari mmoja?

Tarehe nazo huhama. Kwa miaka mingi Sikukuu ya Taifa ilikuwa 18 Novemba, siku aliyozaliwa Qaboos. Januari 2025 Sultani Haitham, aliyemrithi Qaboos, akaihamishia 20 Novemba, kukumbuka 1744, ukoo wa Al Busaid ulipoanza kutawala. Sifa ikatoka kwa mtu mmoja, ikaenda kwa ukoo.

Zanzibar ukoo huohuo unasimuliwa na mkono mwingine. Beit al-Sahel, makazi ya masultani hadi Mapinduzi ya 1964, iligeuzwa ofisi za serikali, kisha 1994 ikawa Makumbusho ya Kasri. Humo utakuta hata samani za fomaika (mbao zilizobandikwa plastiki ngumu) za sultani (vijana hucheka, wazee wananyamaza), na chumba cha Bibi Salme, binti wa sultani, ambaye alitorokea Ujerumani.

Jirani yake, Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu), iliporomoka sehemu Desemba 2020, katikati ya ukarabati uliogharimiwa na Oman. Siku itakapofunguliwa tena nitaanza na kibao cha ukutani: kimeandikwa "Sultani Barghash alijenga", basi, au waliobeba mawe nao wametajwa?